Kondoo wa Skrubu Mbili

Leokadia aliporudi kutoka bombani alikuta cherehani yake haina miguu. Kichwa kilikuwa kimelazwa kitandani, juu ya mto, kimefunikwa kanga hadi shingoni kama mgonjwa aliyepandwa na homa. Miguu ya chuma, kanyagio, gurudumu kubwa na mkanda wake vilikuwa uani, na mumewe Faustin alikuwa amepiga magoti mbele yavyo, spana mkononi, uso umejaa furaha.

"Baba Helena," Leokadia alisema, ndoo ikiwa bado kichwani, "hicho ni nini?"

"Nimeazima."

"Umeazima kwa nani?"

Faustin alitafakari. Katika furaha yake hakuwa amejiuliza swali hilo. "Kwako," alijibu.

"Na mimi nilisemaje?"

"Ulikuwa bombani."

Leokadia alitua ndoo polepole ili asimwage maji. Angekuwa mwanamke wa kutupa vitu angemtupia ndoo, lakini maji yalitoka mbali. Aliingia ndani, akafunua sanduku lililokuwa chini ya kitanda na kutazama vitambaa vyeupe vilivyolala humo, vimeshakatwa, kila kimoja kimebandikwa jina la mtoto kwa pini. Jumapili ile padre alikuwa anakuja kigangoni kutoka parokiani. Watoto wangepokea komunyo ya kwanza, na mlango mpya wa kanisa ungebarikiwa. Magauni yote ya wasichana yalikuwa mikononi mwa Leokadia. Na tangu Faustin alipoacha kazi mjini, chumvi, mafuta ya taa na unga wa nyumba ile vyote vilitoka chini ya sindano hiyo hiyo.

"Lini unarudisha?" aliuliza kutoka ndani.

"Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi unashona."

"Apa."

"Leokadia, mimi ni mhandisi. Sihitaji kuapa. Nimepiga hesabu."

*

Faustin alikuwa msomi wa chuo cha ufundi cha Dar es Salaam, na kama wasomi wengi wa miaka ile, aliamini kwamba nchi ilikuwa imekaa barazani inamsubiri yeye. Ofisi ya ujenzi aliyopangiwa mjini Mbeya haikuwa na habari kwamba inamsubiri. Kazi pekee ya kihandisi aliyopewa huko ilikuwa kutengeneza meza ya mkuu wake iliyokuwa inayumba. Aliitengeneza kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa, akapongezwa, na siku chache baadaye akaacha kazi kwa ajili ya maendeleo ya taifa.

Chuoni alikuwa amesoma habari za mashine za Ulaya zinazochonga chuma zenyewe, zikifuata amri zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Mtu anatoboa matundu, analisha utepe, anakunja mikono. Mashine inajua pa kwenda. Faustin hakulala vizuri tangu asome habari hizo. Kama Ulaya wanachonga chuma kwa karatasi, Uyole hapa itashindwaje kuchonga mbao kwa maboksi ya sabuni? Kila kijiji kingekuwa na mashine yake, na viti, milango na madawati yangetoka kama maandazi.

Kwa hiyo alijenga. Kitanda cha mashine kilikuwa fremu ya mbao ngumu. Juu yake meza ndogo ilisogezwa na skrubu mbili ndefu: moja iliipeleka kulia na kushoto, nyingine mbele na nyuma. Ile ya kulia na kushoto aliipata Iyunga, kwenye vyuma vilivyobaki Wachina walipomaliza kujenga reli. Ya pili alipewa Iringa na baba mkwe wake, ambaye aliing'oa kwenye jiliwa ya zamani, ile ya kubania vyuma, katika shamba la tumbaku la mzungu aliyekwisha ondoka. Mzee alimkabidhi siku ya kumuaga bi harusi, mbele ya ukoo mzima, akisema, "Wengine wanawapa wakwe blanketi. Wewe ulitazama hiki chuma kuliko ulivyomtazama binti yangu, basi chukua."

Maboksi ya sabuni aliyakata vipande virefu, akaviunganisha kwa uji wa muhogo na kutoboa matundu kwa msumari wa moto. Vidole vilivyotengenezwa kwa spoku za baiskeli vilipapasa boksi likipita. Kidole kikizama kwenye tundu, skrubu yake ilizunguka hatua moja. Kilichobaki kilikuwa nguvu ya kuzungusha kisu. Kwa ajili hiyo alitafuta injini ya mashine ya kusaga, akaikosa. Akaomba umeme, akaelezwa kwamba nguzo zitafika. Ndipo asubuhi ile, Leokadia alipokwenda bombani, alipoiona miguu ya cherehani kwa jicho jipya.

Alijaribu mashine kwa kuchonga mstari mmoja ulionyooka. Ulinyooka. Akachonga wa pili kuukata wa kwanza. Nao ulinyooka. Hapo Faustin aliridhika, maana aliona hakuna haja ya kuitilia shaka mashine iliyokwisha sema kweli mara mbili.

*

Katekista Liberatus alikuja Jumanne mchana, kofia mkononi, pamoja na Bartholomeo seremala. Bartholomeo ndiye aliyetengeneza mlango wa kanisa. Katikati yake alikuwa ameacha pengo la mraba, kwa agizo la katekista, ili pawekwe Mwanakondoo wa Mungu atakayechongwa na mashine. Tangu siku hiyo Bartholomeo alikuwa hamsalimii Faustin vizuri.

"Bwana Faustin," alianza katekista, "sisi hatuna shaka. Ila waumini wana wasiwasi kidogo."

"Waumini gani?"

"Mimi," alisema Bartholomeo. "Ule mlango una tundu. Padre akija akakuta tundu, atauliza fundi ni nani, hataulizia maboksi. Nipe ubao, nitachonga kondoo kwa mkono leo hii."

"Fundi, hakuna anayekudharau," alisema Faustin kwa upole uliomkera Bartholomeo zaidi. "Wewe utachonga kondoo mmoja. Mashine hii itachonga kondoo elfu, na wote watafanana."

"Makanisa elfu yako wapi?"

Faustin alicheka kama mtu anayeijua kesho. Akawaalika waje kesho yake wajionee, wao na yeyote apendaye maendeleo. Katekista aliinama kuutazama ubao wa paini uliofungwa tayari mezani, akaupiga vidole. "Mungu akutangulie," alisema, akavaa kofia.

Walipoondoka Leokadia alitoka jikoni na mwiko. "Umewaalika watu?"

"Wachache."

"Si ungechonga kwanza, ndiyo uite watu?"

"Leokadia, hiyo ingekuwa kutojiamini."

*

Jumatano asubuhi alifika Mzee Masunga, baba yake Faustin, kwa lori kutoka Usangu. Alikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando na fimbo yake ya kuchungia, maana hakujua kusimama bila fimbo. Leokadia alipiga goti, akampokea kibuyu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka!" aliongeza salamu ya Kisukuma. "Ng'ombe wazima, watu wazima. Nimesikia mwanangu ametengeneza kitu kinafanya kazi chenyewe. Nimekuja kukiona, maana mimi nimezaa watoto wengi na hakuna hata mmoja anafanya kazi mwenyewe."

Uani watu walikuwa wameshajaa: katekista, Bartholomeo, wanawake wa kigango, balozi wa nyumba kumi, na jirani Lea, Mnyakyusa mwenye sauti ya kufika barabarani. Faustin alivaa shati alilovaa siku ya kuhitimu. Alieleza mashine kwa muda mrefu, akaeleza kujitegemea kwa muda mrefu zaidi, kisha akagundua jambo ambalo hesabu zake zote hazikuligusa. Mtu wa kukanyaga kanyagio hawezi wakati huohuo kulisha boksi, na mtu wa kulisha boksi hawezi kuangalia kisu.

"Leokadia," aliita kwa sauti ya chini, "njoo ukanyage kidogo."

Leokadia alimkabidhi Lea mtoto wake Helena, akaketi kwenye miguu ya cherehani yake mwenyewe kama mgeni. Mzee Masunga alipewa mkono wa kulishia boksi. Faustin alisimama kwenye kisu.

"Mbona inafanya kazi yenyewe kwa watu watatu?" aliuliza Lea. "Hata mimi kwangu ninayo hiyo. Inaitwa familia."

Watu wakacheka. Faustin naye alicheka, akasema hiyo ni hatua ya mwanzo tu. Leokadia akakanyaga. Gurudumu likazunguka, mkanda ukalia, kisu kikaimba na kuuma ubao, na chembe nyeupe za mbao zikaruka. Meza ikaanza kutembea yenyewe, hatua ndogondogo, kulia, mbele, kulia, kushoto. Kicheko kikaisha. Hata Bartholomeo alisogea. Spoku zilipapasa boksi kama vidole vya kipofu, na kila ziliposhuka meza ilitii. Lea alisahau kumbembeleza mtoto. Kwa muda ule, katika ua wa nyumba ya tope pale Uyole, kila kitu alichowahi kukisema Faustin kilikuwa kweli.

Chembe zilirundikana zikaufunika ubao wote. Bartholomeo aliinama apulize.

"Usipulize!" Faustin alipiga kelele. "Mpaka mwisho!"

Ilichukua muda. Leokadia alibadilisha mguu, akabadilisha tena. Jasho lilimtoka hadi kiunoni. Boksi la mwisho lilipopita, Faustin aliinua kisu, akafuta mikono kwenye shati la mahafali, na kwa mkono mmoja alizifagia chembe zote kama mtu anayefunua bi harusi.

Watu wakainamia ubao.

Mnyama alichongeka vizuri. Mistari yake ilikuwa safi, sufi yake ilijikunja kwa ustadi, bendera begani ilipepea. Ila alikuwa mrefu. Alianza kichwani kama kondoo, akaendelea, akaendelea tena, na miguu ya nyuma ilipofika, ya mbele ilikuwa imeshasahaulika. Uso ulikuwa umevutika kama wa mtu aliyeambiwa habari mbaya, na duara takatifu la kichwani lilikuwa limekuwa yai.

"Ni... mnyama mzuri," alisema katekista.

"Ni kenge," alisema balozi.

"Kenge hana manyoya," alisema Lea. "Huyo ni mbwa wa wazungu, wale wa mgongo mrefu. Niliwaona Tukuyu kwenye mashamba ya chai."

Mzee Masunga alisogea. Alikuwa mtu wa mifugo na hakutaka kusema upesi. Aliuzunguka ubao, akapima mgongo wa mnyama kwa fimbo, akakunja midomo. "Mwanangu," alisema mwishowe, "huyu mgongo wake hautabeba mimba. Utakatikia katikati. Usimchukue."

Uani kila mtu aliangua kicheko, hata katekista, akijaribu kukificha kwenye kofia. Bartholomeo peke yake hakucheka. Alitoa futi mfukoni, akapima pengo la mlango kwa mawazo, akaupima ubao, akairudisha futi mfukoni. Jambo hilo lilimwumiza Faustin kuliko vicheko vyote.

"Ni kondoo," alisema Faustin. Hakuna aliyemsikia.

*

Jioni ile miguu ya cherehani haikurudi. Faustin alisema anahitaji asubuhi moja tu aone kosa liko wapi. Leokadia alikuwa akikanda visigino vyake kwa maji ya moto.

Alhamisi asubuhi Lea alikuja, safari hii na sauti ndogo. Alisimama mlangoni akichezea upindo wa kitenge.

"Kamwene, Mama Helena," alimsalimia kwa lugha ya kwao Iringa.

"Kamwene. Karibu ndani."

"Sikai. Nimekuja kuchukua kile kitambaa cha mtoto. Si kwamba sikuamini, dada. Ila pale Mbalizi kuna fundi, cherehani yake ina miguu."

Leokadia alifungua sanduku, akakitoa kitambaa chenye jina la binti wa Lea, akachomoa pini yake na kuibakiza mkononi. Walipeana kitambaa bila kutazamana. Lea alipofika uani alimpita Faustin kama mtu anayepita msiba, akamwambia, "Pole, shemeji," na hilo lilikuwa neno la kwanza la huruma aliloambiwa tangu jana. Lilimwingia vibaya.

Faustin alikuwa amezing'oa skrubu zote mbili na kuzilaza chini, moja kando ya nyingine. Mzee Masunga alikuwa amekaa kwenye gogo akinywa maziwa. Faustin alianza kuhesabu nyuzi kwa ukucha wa kidole gumba, kutoka ncha moja. Mwanzoni nyuzi za skrubu mbili zilikwenda pamoja, kama watu wawili waliotoka misani wakiongea. Baadaye moja ikaanza kutangulia. Kufikia katikati hazikuwa zikiongea tena.

Alikaa chini kabisa.

Reli ya Wachina ilitengenezwa kwa milimita. Jiliwa ya mzungu wa Iringa ilitengenezwa kwa inchi. Kila hatua ya kulia na kushoto ilikuwa ndefu kuliko hatua ya mbele na nyuma. Mstari ulionyooka ungenyooka daima; lakini duara lingekuwa yai, na kondoo angevutwa kuelekea Zambia kama behewa. Tofauti ya inchi na milimita ilikuwa swali la kwanza katika mtihani wake wa mwisho, na Faustin alilijibu vizuri kiasi kwamba mwalimu alilisoma jibu lake mbele ya darasa.

"Baba," alisema, "skrubu hazilingani. Hii ya Iringa hatua yake ni fupi."

Mzee Masunga alizitazama. "Kumbe wakwe walitupunja," alisema.

"Hawakutupunja. Ni vipimo tu. Nikitoboa maboksi upya, nikapunguza matundu ya kulia na kushoto, kondoo atakuwa kondoo! Hakuna kingine cha kubadili. Hakuna kingine, baba!"

Alisimama akakimbilia ndani kumwambia mkewe.

Leokadia alikuwa amekaa sakafuni kwenye mkeka. Kichwa cha cherehani kilikuwa mbele yake, kimeegemezwa kwenye jiwe la kusagia ili kisianguke. Mkono wa kulia ulizungusha kigurudumu chake kidogo. Wa kushoto ulisukuma kitambaa cheupe, na ncha ya kitambaa ilikuwa imebanwa kwa meno. Mgongoni Helena alikuwa amelala, kichwa kikining'inia. Sindano ilishuka, ikapanda. Ikashuka. Kichwa cha cherehani kikayumba kwenye jiwe, akakishika kwa goti, akaendelea.

Faustin alisimama mlangoni na habari yake njema mdomoni.

"Nimepata kosa," alisema.

Leokadia aliachia kitambaa kutoka menoni. "Liko wapi?"

"Kwenye skrubu. Moja ya inchi, moja ya milimita. Nikitoboa maboksi mapya, atatoka kondoo kamili. Safari hii kweli."

"Lini?"

Alipiga hesabu, na mara hii kwa uaminifu. "Jumapili alfajiri."

Leokadia hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha. Alimtazama kama anayetaka kujua kitu kwa kweli. "Padre atabariki mlango," alisema. "Na watoto watakwenda altareni wamevaa nini?"

Nje Mzee Masunga alikohoa. Faustin alitazama mkono wa mkewe uliobaki kwenye kigurudumu, na pini ya mtoto wa Lea iliyochomekwa kifuani mwa blauzi yake, haina jina la kushika tena. Alifikiria makanisa elfu. Aliyaona kwa muda mfupi yakiwa yamepangwa vizuri bondeni, kila moja na mlango wake.

"Acha kuzungusha," alisema. "Utaumia bega."

Alirudi uani akachukua spana. Alianza na mkanda, kisha gurudumu, kisha kanyagio. Mzee Masunga alimtazama akiifumua mashine aliyoijenga kwa miezi.

"Kwa hiyo imekufa?"

"Haijafa, baba. Imerudi kwa mwenyewe."

Faustin alikuwa ametoboa gurudumu matundu mawili alipofunga mkanda wa kisu. Sasa aliyaziba kwa vijiti vya paini na gundi. Alipomaliza kuunganisha miguu ilibaki nati moja chini, ambayo mhandisi hakujua ilitoka wapi. Aliitia mfukoni bila kusema. Leokadia aliketi, akakanyaga. Cherehani ilikubali, ila kila mara gurudumu lilipomaliza mzunguko ilitoa mlio mdogo, tak, ambao haikuwa nao zamani.

"Hiyo ni nini?"

"Hatua ya mwanzo," alisema Faustin.

Leokadia alicheka, mara ya kwanza tangu arudi bombani siku ile. Kisha akamfukuza atoke kwenye mwanga. Siku ile na iliyofuata Faustin alipika, akaunguza. Alipiga pasi ya mkaa, akaunguza kidogo tu. Na Jumamosi akaenda mwenyewe kwa Lea kuomba kitambaa kirudi, akarudi nacho kwapani, kwa sababu fundi wa Mbalizi alikuwa na miguu lakini hakuwa na nafasi.

*

Jumapili wasichana wote waliingia kanisani wamevaa nyeupe, na hakuna aliyeona kwamba pindo la mmoja lilikuwa na alama ndogo ya pasi. Padre alibariki mlango. Pengo la katikati Bartholomeo alikuwa ameliziba kwa ubao mtupu, bila kondoo wala msalaba. Padre alisifu jinsi mlango usivyo na makuu. Bartholomeo alimtazama Faustin kwa mbali, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze alimpungia mkono.

Ubao wa kondoo haukutupwa, maana paini ya Sao Hill si ya kutupwa. Leokadia aliutia miguu mifupi akaufanya meza ya kukatia vitambaa. Kwa urefu ulimfaa; kitambaa cha gauni kililala vizuri kuanzia kwenye pua hadi mkiani. Wateja wapya walipouona walicheka, wakauliza, na Faustin uani alijifanya hasikii.

Siku moja alikuja mwanamke kutoka upande wa Iyunga, akasubiri gauni lake huku akimpapasa yule mnyama kwa kidole, kutoka kwenye sikio, mgongoni, mgongoni tena.

"Mama Helena, huyu ni mdudu gani? Mbwa?"

Leokadia hakuinua kichwa. Cherehani ilikuwa inakwenda, tak, tak.

"Ni kondoo," alisema. "Huoni?"

Uani, tupa iliyokuwa ikisugua chuma ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.